Arthur Ashe

Arthur Robert Ashe Mdogo (Richmond, Virginia, 10 Julai 1943 – New York, 6 Februari 1993) alikuwa mchezaji wa tenisi wa Marekani. Alitwaa mataji matatu ya Grand Slam katika mchezo wa mmoja mmoja: Mashindano ya Wazi ya Marekani mwaka 1968, ya Australia mwaka 1970 na Wimbledon mwaka 1975. Hadi leo ni mwanamume mweusi pekee aliyewahi kushinda lolote kati ya mashindano hayo matatu katika mchezo wa mmoja mmoja. Anakumbukwa pia kwa mapambano yake dhidi ya ubaguzi wa rangi nchini Afrika Kusini, na kwa jinsi alivyotumia miezi ya mwisho ya maisha yake kuelimisha watu kuhusu UKIMWI.

Utoto Richmond

Ashe alikuwa mtoto wa kwanza wa Arthur Ashe Mkubwa na Mattie Cordell Cunningham. Mdogo wake, Johnnie, alizaliwa mwaka 1948. Mama yao alifariki Machi 1950 kutokana na matatizo ya ujauzito akiwa na umri wa miaka 27, wakati Arthur alikuwa na miaka 6 tu.

Baba yao aliajiriwa na idara ya michezo ya mji kutunza bustani ya Brook Field, uwanja mkubwa wa burudani uliotengwa kwa ajili ya watu weusi, na familia iliishi katika nyumba ya mtunzaji iliyokuwa ndani ya uwanja huo. Kulikuwa na viwanja vinne vya tenisi karibu kabisa na mlango wao. Mtoto yule mwembamba, ambaye baba yake hakumruhusu kucheza mpira wa miguu wa Kimarekani kwa kuogopa kwamba ataumizwa, alianza kushika raketi akiwa na umri wa miaka kama saba.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Ronald Charity, kijana aliyekuwa miongoni mwa wachezaji weusi bora wa mji huo. Mwaka 1953 Charity alimpeleka kwa Robert Walter Johnson, daktari wa Lynchburg aliyekuwa na kiwanja cha tenisi nyumbani kwake. Kila majira ya joto Dk. Johnson alikusanya vijana weusi wenye vipaji na kuwafundisha. Ndiye aliyemsaidia Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon, mwaka 1957.

Mafunzo ya Dk. Johnson hayakuwa ya kupiga mpira peke yake. Alijua kwamba kijana mweusi atakayeingia katika mashindano ya wazungu wa kusini mwa Marekani atatafutiwa kisingizio cha kufukuzwa, kwa hiyo aliwaondolea wenyeji kila kisingizio. Vijana wake walikatazwa kubishana na mwamuzi. Walikatazwa kutupa raketi au kuonyesha hasira. Mpira wa mpinzani uliodondoka nje kidogo tu ya mstari walitakiwa kuuhesabu kuwa umeingia. Utulivu ambao baadaye dunia nzima iliuona kwa Ashe, na ambao wengine waliudhania kuwa ubaridi wa moyo, ulianzia hapo.

Richmond ya wakati huo ilifuata sheria za ubaguzi. Viwanja vizuri vya umma vilikuwa vya wazungu, na wakati wa baridi viwanja vya ndani vilifungwa kwa watu weusi, hivyo Ashe alipoteza miezi kadhaa ya mazoezi kila mwaka. Mwaka 1960 alihamia St. Louis, Missouri, akakaa kwa mwalimu Richard Hudlin, rafiki wa Dk. Johnson, na kumalizia shule ya sekondari huko. Alipata viwanja vya ndani vyenye sakafu ya mbao, ambako mpira huenda kasi sana, akalazimika kujifunza kuanzisha mpira kwa nguvu na kukimbilia wavuni. Mwaka huo na mwaka uliofuata alishinda ubingwa wa taifa wa vijana wa viwanja vya ndani.

Chuo kikuu na jeshi

Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), kilimpa ufadhili wa masomo. Alifundishwa na J. D. Morgan na kupata ushauri wa bingwa wa zamani Pancho Gonzales, aliyekuwa akiishi jirani. Mwaka 1963 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika timu ya Marekani ya Kombe la Davis, yaani mashindano ya tenisi ya wanaume kati ya mataifa. Mwaka 1965 alishinda ubingwa wa vyuo vikuu vyote vya Marekani, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili, na mwaka 1966 akahitimu shahada ya usimamizi wa biashara. Mwaka huo na uliofuata alifika fainali ya ubingwa wa Australia, na mara zote mbili alishindwa na Roy Emerson.

Baada ya chuo aliingia jeshini kama ofisa. Alipangiwa kazi katika chuo cha kijeshi cha West Point, New York, akishughulikia takwimu na kuongoza programu ya tenisi. Wakati huo vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto. Mdogo wake Johnnie, askari wa kikosi cha Marine, alikuwa amekwisha kutumikia kipindi chake Vietnam. Alijitolea kurudi kwa kipindi cha pili ili kaka yake asipelekwe huko, kwa kuwa kwa kawaida jeshi halikuwaweka ndugu wawili vitani kwa wakati mmoja. Hakumwambia Arthur sababu hiyo wakati ule. Ushindi wa mwaka 1968 una deni lake katika uamuzi huo, ingawa mara nyingi habari hiyo huachwa katika vitabu vya michezo.

Mashindano ya Wazi ya Marekani, 1968

Hadi mwanzoni mwa 1968 mashindano makubwa ya tenisi yaliruhusu wachezaji wa ridhaa tu. Waliolipwa walicheza kwao peke yao, katika ziara za miji mbalimbali. Mwaka huo milango ilifunguliwa, na kuanzia hapo ilizungumzwa tenisi ya "wazi", yaani wazi kwa wote. Mashindano ya kwanza ya wazi ya Marekani yalifanyika Forest Hills, New York, kuanzia mwisho wa Agosti.

Ashe alikuwa luteni wa jeshi mwenye umri wa miaka 25. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa ametwaa ubingwa wa ridhaa wa Marekani karibu na Boston kwa kumshinda Bob Lutz. Forest Hills wengi walitazamia mchezaji wa kulipwa ashinde, hasa Rod Laver wa Australia, lakini Laver alitolewa mapema na Cliff Drysdale wa Afrika Kusini. Ashe alimshinda Emerson, akamtoa Drysdale katika robo fainali, na katika nusu fainali akakutana na Mmarekani mwenzake Clark Graebner. Alipoteza seti ya kwanza, kisha akashinda tatu zilizofuata: 4–6, 8–6, 7–5, 6–2. Mchezo huo mmoja ndio mwandishi John McPhee aliujengea kitabu kizima.

Fainali ilichezwa tarehe 9 Septemba dhidi ya Tom Okker wa Uholanzi, mchezaji mwepesi wa miguu. Siku hizo hakukuwa na gemu ya kuamua seti, kwa hiyo seti iliendelea mpaka mmoja apate tofauti ya gemu mbili. Seti ya kwanza peke yake ilifika 14–12. Silaha ya Ashe ilikuwa mpira wa kuanzishia: mara 26 alianzisha mpira ambao Okker hakuweza hata kuurudisha. Alishinda 14–12, 5–7, 6–3, 3–6, 6–3. Wakati wa kukabidhiwa kombe baba yake aliitwa uwanjani, na Arthur akamkumbatia mbele ya watazamaji.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa leo huona kama mzaha. Zawadi ya bingwa ilikuwa dola 14,000, lakini Ashe hakupata hata senti moja ya fedha hizo, kwa kuwa alikuwa bado mchezaji wa ridhaa. Hadhi hiyo ndiyo iliyomruhusu kuchezea timu ya taifa ya Kombe la Davis. Fedha zilikwenda kwa Okker aliyeshindwa. Ashe alipewa posho ya dola 20 kwa siku. Ni yeye pekee aliyewahi kushinda ubingwa wa ridhaa na wa wazi wa Marekani katika mwaka mmoja. Desemba alikuwa katika timu iliyokwenda Australia na kulirudisha Kombe la Davis nyumbani.

Ushindi huo ulikuja katika mwaka mgumu. Martin Luther King aliuawa Aprili na Robert Kennedy Juni. Wanamichezo wengi weusi walikuwa wakisema waziwazi, na baadhi yao walimlaumu Ashe kwa ukimya wake. Yeye mwenyewe aliona ukweli katika lawama hizo, na kuanzia mwaka huo alianza kuzungumza hadharani.

Mwaka 1969 alishirikiana na Charlie Pasarell na Sheridan Snyder kuanzisha programu ya kuwafikishia tenisi watoto wa mitaa maskini ya miji ya Marekani. Januari 1970 alishinda Mashindano ya Wazi ya Australia kwa kumfunga Dick Crealy 6–4, 9–7, 6–2. Baadhi ya mabingwa wakubwa wa kulipwa hawakushiriki mwaka huo, lakini taji ni taji, na baadaye mwaka huohuo Ashe naye aliingia rasmi katika tenisi ya kulipwa.

Safari za Afrika

Mwaka 1970 Ashe na mwenzake Stan Smith walifanya ziara ya kirafiki barani Afrika kwa niaba ya serikali ya Marekani. Walipita katika nchi kadhaa, zikiwemo Kenya na Tanzania, wakicheza michezo ya maonyesho na kukutana na vijana.

Matunda makubwa zaidi yalitokana na ziara ya mwaka 1971 nchini Kamerun. Mjini Yaoundé Ashe alicheza na mtoto wa miaka 11 aliyeitwa Yannick Noah, akastaajabia jinsi alivyopiga mpira. Aliwasiliana na Philippe Chatrier wa shirikisho la tenisi la Ufaransa, na mtoto huyo akapelekwa Nice kufundishwa. Mwaka 1978 wawili hao walicheza pamoja Wimbledon katika mchezo wa wawili wawili. Mwaka 1983 Noah alishinda Mashindano ya Wazi ya Ufaransa, taji pekee la Grand Slam la mmoja mmoja ambalo Ashe mwenyewe hakuwahi kukaribia kulipata.

Si kila safari iliisha kwa amani. Februari 1976 Ashe alikuwa Lagos, Nigeria, katika mashindano ya kulipwa, siku chache baada ya kiongozi wa nchi hiyo, Murtala Mohammed, kuuawa katika jaribio la mapinduzi. Katikati ya mchezo wake na Jeff Borowiak askari wenye bunduki waliingia uwanjani na kuwatimua wachezaji na watazamaji, kwa kuwa waliona ni aibu watu kucheza wakati taifa liko katika maombolezo.

Mashindano ya Afrika Kusini, 1973

Ashe aliomba viza ya kucheza Mashindano ya Wazi ya Afrika Kusini kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Alikuwa miongoni mwa wachezaji bora duniani, na sababu pekee ya kumkatalia ilikuwa rangi yake. Alikataliwa, akaomba tena, akakataliwa tena. Wakati huohuo alidai Afrika Kusini iondolewe katika Kombe la Davis, na mwaka 1970 ikaondolewa.

Mwaka 1973 serikali ya Pretoria ilibadili msimamo na kumpa viza. Ashe alitoa masharti: viti vya uwanjani visitenganishwe kwa rangi, asipewe hadhi ya "mzungu wa heshima", na awe huru kwenda na kusema apendavyo. Mashindano yalifanyika Ellis Park, Johannesburg, mwezi Novemba. Ahadi ya viti haikutimizwa kikamilifu, kwani watazamaji weusi wengi walibaki wamekaa upande wao.

Kwa upande wa tenisi alifanya vizuri. Katika nusu fainali alimshinda Drysdale, mwenyeji aliyekuwa mpinzani wa ubaguzi. Akawa mtu mweusi wa kwanza kufika fainali ya mashindano hayo, lakini huko alifungwa na kijana wa Kimarekani wa miaka 21, Jimmy Connors, katika seti tatu mfululizo. Pamoja na Okker, yuleyule wa Forest Hills, alitwaa taji la wawili wawili, na hivyo jina la mtu mweusi likaandikwa katika orodha ya mabingwa wa nchi ya ubaguzi.

Ziara hiyo ilizua mabishano ambayo hayakwisha upesi. Wapo Waafrika Kusini weusi waliomwambia usoni kwamba kuja kwake kunaipa serikali ya makaburu heshima isiyostahili, na kwamba angefanya vema kukaa kwao. Wengine walimwona kama mlango uliofunguka. Kati ya waliomtazama Ellis Park alikuwemo kijana wa Alexandra, Mark Mathabane, ambaye hakuwahi kumwona mtu mweusi akijiamini kiasi kile mbele ya wazungu. Mathabane naye alijifunza tenisi, akapata ufadhili wa chuo Marekani mwaka 1978, na baadaye akaandika kitabu mashuhuri kuhusu utoto wake. Ashe alisaidia pia kuanzisha kituo cha tenisi huko Soweto.

Baada ya muda Ashe mwenyewe alikubali kwamba wakosoaji walikuwa na hoja. Aliacha kuamini kwamba kucheza huko kungeleta mabadiliko, akaunga mkono kutengwa kwa Afrika Kusini kabisa. Mwaka 1983 alishirikiana na mwimbaji Harry Belafonte kuanzisha umoja wa wasanii na wanamichezo dhidi ya ubaguzi, na Januari 1985 alikamatwa na polisi katika maandamano nje ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington. Mtu aliyelelewa kutobishana na mwamuzi alifungwa pingu akiwa na umri wa miaka 41.

Wimbledon, 1975

Ashe hakuwa mpya Wimbledon. Alikuwa amefika nusu fainali mwaka 1968 na 1969, na mara zote alizuiwa na Laver. Mwaka 1972 aliiachia pia fainali ya Marekani iponyoke: aliongoza seti mbili kwa moja dhidi ya Ilie Năstase wa Romania na bado akashindwa. Mwaka huohuo alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha wachezaji wa kulipwa, ATP. Mwaka 1973 wanachama wapatao 81 wa chama hicho waligomea Wimbledon kumtetea mwenzao Nikola Pilić wa Yugoslavia aliyefungiwa, na Ashe akawa mmoja wao. Mwaka 1974 akachaguliwa kuwa rais wa chama.

Kwa hiyo alipokuja London mwaka 1975, siku chache kabla ya kutimiza miaka 32, watu walimwona kama mchezaji aliyekaribia jioni yake. Aliorodheshwa wa sita. Hata hivyo mwaka huo ulikuwa umeanza vizuri, kwani mwezi Mei alimshinda Björn Borg katika fainali ya mashindano ya WCT huko Dallas. Wimbledon alimtoa Borg tena katika robo fainali, kisha akamshinda Tony Roche wa Australia kwa seti tano.

Katika fainali alimsubiri Connors, bingwa mtetezi, aliyefika hapo bila kupoteza hata seti moja. Walikuwa wamekutana mara tatu na Connors alishinda zote. Tena walikuwa na kesi. Connors hakuwa mwanachama wa ATP wala hakupenda kuchezea timu ya taifa, Ashe alimkosoa kwa maandishi kwamba hana uzalendo, na Connors akamfungulia kesi ya kashfa akidai mamilioni ya dola. Ashe aliingia uwanjani tarehe 5 Julai akiwa amevaa koti la Kombe la Davis lenye jina la nchi yake kifuani. Hakuhitaji kusema neno.

Usiku wa kuamkia fainali alikaa na marafiki, akiwemo wakili wake Donald Dell, wakapanga mbinu. Connors aliishi kwa nguvu za wapinzani wake: mpira ukija kwa kasi, aliurudisha kwa kasi zaidi. Miaka yote Ashe alikuwa mtu wa kupiga kwa nguvu, na ndiyo maana alipigwa. Wakaamua amnyime Connors kile anachokipenda. Ashe alianzisha mpira kwa mzunguko wa kuuvuta pembeni, upande wa mkono wa nyuma wa Connors anayetumia mkono wa kushoto, ili kumtoa nje ya kiwanja. Katika mapigo ya kawaida alimpelekea mipira ya chini, ya polepole, kwenye mkono wa mbele, mahali alipokuwa dhaifu. Connors alipokimbilia wavuni, Ashe aliupitisha mpira juu ya kichwa chake.

Kubadili mchezo wa maisha yako yote katika siku kubwa kuliko zote si jambo dogo. Katika seti ya kwanza na ya pili watazamaji hawakuamini macho yao: 6–1, 6–1. Kila walipobadilishana upande Ashe alikaa kwenye kiti na kufumba macho, kana kwamba yuko peke yake. Connors alijikwamua na kushinda seti ya tatu 7–5, akaongoza 3–0 katika ya nne. Wengi walidhani mzee amekwisha. Wakati kama huo mchezaji hushawishika kurudia mazoea, lakini Ashe aling'ang'ania mpango uleule, akazisawazisha gemu zile na kumaliza 6–4. Aliinua ngumi mara moja kuelekea alipokaa Dell, akaenda kumpa mkono mpinzani wake.

Zawadi ilikuwa pauni 10,000, na safari hii alizichukua. Kesi ya Connors ilifutwa baadaye. Tangu siku hiyo mwanamume mwingine mweusi aliyefika fainali ya Wimbledon ya mmoja mmoja ni MaliVai Washington, mwaka 1996, naye hakushinda.

Mwisho wa mwaka, huko Stockholm, ilionekana kwamba hata utulivu wake una mpaka. Năstase alimchokoza kwa vituko na kuchelewesha mchezo mpaka Ashe, aliyekuwa akiongoza, akakusanya vitu vyake na kuondoka uwanjani. Awali ilionekana wote wawili wameondolewa, lakini siku iliyofuata ushindi alipewa Ashe.

Ndoa, maradhi na kustaafu

Tarehe 20 Februari 1977 alimuoa mpiga picha Jeanne Moutoussamy. Ndoa ilifungwa katika kanisa dogo la Umoja wa Mataifa mjini New York na Andrew Young, mchungaji na balozi wa Marekani katika umoja huo. Bwana harusi alikuwa na bendeji ngumu mguuni baada ya upasuaji wa kisigino. Alirudi uwanjani akiwa bado na makali: Januari 1979 alifika fainali ya mashindano ya mabingwa, Masters, akawa na nafasi mbili za kumaliza mchezo dhidi ya John McEnroe kabla ya kushindwa.

Julai 1979, akiwa na umri wa miaka 36, alipatwa na mshtuko wa moyo. Baba yake pia alikuwa na ugonjwa wa moyo. Desemba alifanyiwa upasuaji. Alijaribu kurudia mazoezi, lakini alipokuwa akikimbia Cairo mwanzoni mwa 1980 maumivu ya kifua yalirejea, na Aprili alitangaza kustaafu. Katika Kombe la Davis alikuwa ameshinda mechi 27 za mmoja mmoja na kupoteza 5. Kuanzia 1981 hadi 1985 alikuwa nahodha wa timu hiyo na kulitwaa kombe mwaka 1981 na 1982, ingawa kuwaongoza McEnroe na Connors wenye hasira za karibu kulimchosha kuliko kucheza.

Alipokuwa akifundisha kozi chuoni Florida aligundua kwamba hakukuwa na kitabu cha kutosha kuhusu historia ya wanamichezo weusi wa Marekani. Aliajiri watafiti kwa fedha zake, na mwaka 1988 akatoa kazi ya juzuu tatu. Baadhi ya wanaharakati weusi hawakufurahia msimamo wake kwamba vyuo visiwapokee wanamichezo wasiofikia kiwango cha masomo, lakini hakuuacha.

UKIMWI

Juni 1983 Ashe alifanyiwa upasuaji wa pili wa moyo, akaongezewa damu ili apate nguvu upesi. Wakati huo damu ya kuongezewa ilikuwa haijaanza kupimwa virusi vya UKIMWI. Upimaji ulianza Marekani mwaka 1985. Septemba 1988 mkono wake wa kulia ulipooza. Madaktari walipompasua ubongo walikuta maambukizi ambayo kwa kawaida huwapata watu wenye kinga dhaifu, na vipimo vilithibitisha kwamba ana UKIMWI.

Yeye na mkewe waliamua kuficha habari hiyo, hasa kwa ajili ya binti yao Camera, waliyekuwa wamemlea tangu alipozaliwa Desemba 1986. Madaktari na marafiki wachache waliojua walitunza siri kwa zaidi ya miaka mitatu. Aprili 1992 gazeti la USA Today lilimuuliza kama tetesi ni za kweli. Ashe aliona hana njia. Tarehe 8 Aprili aliitisha waandishi wa habari New York na kusema mwenyewe. Alipofika sehemu inayomhusu binti yake sauti ilimkatika, na Jeanne akamsomea.

Mjadala mkali ulifuata Marekani: je, gazeti lina haki ya kumlazimisha mgonjwa ambaye hana cheo cha umma kutangaza ugonjwa wake? Wasomaji wengi waliliandikia gazeti kulilaumu. Ashe hakuficha hasira yake, lakini hakutumia muda mrefu kulalamika. Alipoulizwa kama UKIMWI ndio mzigo mzito kuliko yote aliyobeba, alijibu kwamba kuwa mtu mweusi Marekani kulikuwa kuzito zaidi.

Miezi kumi iliyobaki alifanya kazi nyingi mno. Alianzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI, na taasisi ya afya ya mijini ambayo bado ina jina lake. Septemba 1992 alikamatwa tena, safari hii nje ya Ikulu ya Marekani, akipinga jinsi wakimbizi wa Haiti walivyorudishwa kwao. Tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, alihutubia Umoja wa Mataifa. Wakati wote huo aliandika kumbukumbu zake pamoja na profesa Arnold Rampersad, akazimaliza muda mfupi kabla ya kufa.

Kifo na kumbukumbu

Ashe alifariki kwa nimonia iliyotokana na UKIMWI katika hospitali ya New York tarehe 6 Februari 1993, akiwa na umri wa miaka 49. Mwili wake ulipelekwa Richmond na kulazwa katika nyumba ya gavana wa Virginia, ambako maelfu ya watu walipita kutoa heshima. Gavana wakati huo alikuwa rafiki yake Douglas Wilder, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa gavana katika historia ya Marekani. Mtu wa mwisho kulazwa humo alikuwa Stonewall Jackson, jenerali wa majimbo ya watumwa, mwaka 1863. Alizikwa katika makaburi ya Woodland, kando ya mama yake.

Juni 1993 Rais Bill Clinton alimtunukia, baada ya kifo, nishani ya juu ya raia. Mwaka 1997 uwanja mkuu mpya wa Mashindano ya Wazi ya Marekani, wenye nafasi ya watu zaidi ya 23,000, ulipewa jina lake.

Sanamu yake ilizinduliwa Richmond tarehe 10 Julai 1996, siku ambayo angetimiza miaka 53. Inamwonyesha akiwa amezungukwa na watoto, mkono mmoja una raketi na mwingine umeinua vitabu juu zaidi. Ilisimamishwa katika barabara ya Monument Avenue, iliyokuwa imepambwa kwa sanamu za majenerali waliopigania utumwa. Wazungu wengine walipinga kwamba hapo si mahali pake, na weusi wengine walipinga kwamba hastahili kuwekwa pamoja na watu wale. Kati ya 2020 na 2021 sanamu za majenerali ziliondolewa zote barabarani hapo. Ya Ashe bado ipo.